Gambuti za Kupeleka Nyumbani

Bosi wangu alinipa gambuti siku ya kwanza kazini. Nyeusi, ndefu hadi karibu na goti, na ile harufu ya mpira mpya inayomrudisha mtu kwenye duka la pembejeo sokoni Muheza. Akaongeza na glavu jozi tatu. Nikasaini karatasi kwamba nimepokea. Jioni nikazifuta vumbi ambalo hazikuwa nalo, nikazirudisha kwenye boksi, boksi nikalipandisha juu ya kabati. Hizo zilikuwa za mdogo wangu Hamisi, anayelima machungwa na mihogo kwetu. Aliyewahi kuishi ughaibuni ananielewa: kitu kizuri ukikipata bure, mkono unakipeleka upande wa sanduku la nyumbani kabla akili haijaulizwa.

Mimi nikaendelea na raba zangu zilizotoboka ubavuni. Siku za mvua, kandambili.

Kazi yenyewe ilikuwa ya bustani, mjini Darwin, kaskazini kabisa mwa Australia. Watu wakisikia Australia hufikiria kondoo na baridi. Darwin haina hayo. Ni joto la kunata, ardhi nyekundu, miembe kila uani, na majira mawili tu: kiangazi, halafu mvua kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua inayonyesha kama imetumwa. Siku ya kwanza niliposhuka pale, nikimfuata mke wangu aliyeajiriwa uuguzi, nilivuta pumzi nikasema hapa ni Tanga iliyopakwa rangi. Tanga nilikuwa karani wa ghala. Darwin nikawa mkata majani, na sikuona aibu, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inaujua udongo kabla haijajua kalamu.

Hapo ndipo kiburi changu kilipokaa. Mtoto wa mkulima ataambiwa nini na Mzungu kuhusu matope?

Kuna jambo la pili, na bila hilo ushuhuda huu ni nusu. Miaka mitatu kabla ya ugonjwa ninaousimulia, macho yalianza kuona ukungu, nikaenda peke yangu kupima, nikaambiwa nina sukari. Nikapewa vidonge na kijitabu chenye picha za mboga. Kijitabu nilikitupa kwenye pipa la kituo cha basi. Vidonge nikavificha kwenye boksi la vifaa, chini ya spana, nikawa namezea garini. Vilipokwisha sikurudi. Nikaomba unga wa mlonge kutoka nyumbani, nikasema ni wa kuongeza hamu ya kula.

Mke wangu, ambaye kazi yake ni kutwa kuchoma watu vidole na kusoma sukari zao, hakujua. Baba yangu alikatwa mguu kwa sukari, na mtaa mzima ukasema alikanyaga kitu alichotegewa njiani. Mimi nilijua si kutegewa, lakini nilijua pia maneno ya barazani kuhusu mwanamume mwenye sukari na chumba chake cha kulala. Nilikuwa na miaka 46. Niliona heri ukungu wa macho kuliko vicheko hivyo. Na niseme ukweli wote: niliogopa pia kupimiwa wali.

Sukari isiyotunzwa inakula hisia za miguu polepole. Unaanza kwa ganzi ya vidole, unafikiri ni uchovu. Visigino vyangu vilikuwa na magaga ya kuingiza sarafu, na sikuyasikia.

Mwezi wa pili mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Siku ya nne nikapelekwa nyumba moja mtaa wa Nightcliff, karibu na bahari, bustani imegeuka bwawa. Kazi ilikuwa kuchimba mfereji wa kutoa maji. Dakika ya kumi kandambili moja ikamezwa na tope. Nikaivuta, mkanda ukang'oka. Nikazitupa zote mbili kando nikachimba pekupeku mpaka saa tisa alasiri, maji yakinifika katikati ya muundi, na niliimba. Nakumbuka kwamba niliimba. Jioni nikijisugua bafuni nikaona tope jekundu limeganda ndani ya ufa wa kisigino cha kulia, na pembeni yake mchano mbichi ambao sikujua umeingia saa ngapi. Nikautoa udongo kwa njiti ya kiberiti. Haukuuma hata kidogo, na mimi nikalichukulia hilo kuwa jambo jema.

Siku ya tano baada ya mfereji ule homa ikaingia.

Mtu wa pwani akitetemeka ana jina moja tu la kutaja. Nilikwenda zahanati nikaomba kipimo cha malaria. Daktari kijana akatabasamu kwa upole: Australia ilitangazwa kuwa huru na malaria tangu mwaka 1981, na mimi sikuwa nimesafiri. Akasikiliza kifua, akasema ni virusi, nipumzike, ninywe maji. Siku mbili baadaye nikarudi nikikohoa, nikapewa amoksilini, vile vidonge tunavyoviita nyumbani rangi mbili. Zahanati hiyo siitaji, na simlaumu kijana yule peke yake. Hakuuliza habari za matope, na mimi sikusema habari za sukari. Tulidanganyana kwa kunyamaza, kila mtu upande wake wa meza.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mdudu niliyekuwa naye anaicheka amoksilini. Ampisilini vilevile, na hata sindano za jentamaisini, ambazo wengi wetu tumechomwa au tumeona watoto wetu wakichomwa, kwa kawaida hazimfanyi kitu. Amezaliwa na kinga yake.

Usiku wa siku ya nane mke wangu alirudi kutoka zamu akanikuta sakafuni kati ya kitanda na dirisha, nazungumza Kibondei na marehemu baba. Mimi mwenyewe sina kumbukumbu hiyo, ni yeye aliyenisimulia. Ninachokumbuka ni gari la wagonjwa, taa zinazopita juu ya uso, na mtu anasoma presha yangu: 78 ya juu. Ya chini hawakuisema, au sikuisikia.

Chumba cha dharura kilijaa watu wanaofanya kazi bila kugongana. Mmoja alikuwa anauliza maswali haraka haraka huku anaandika. Unavuta sigara? Hapana. Pombe? Hapana. Ugonjwa wa figo? Hapana. Kisukari?

Mke wangu alikuwa amesimama upande wa miguu yangu, bado na sare ya kazi.

"Hapana," nikasema.

Muuguzi hakubishana. Akanishika kidole cha kati, akachoma, akakamua tone, akaligusisha kwenye kile kikaratasi. Mashine ikahesabu kwenda chini, tano, nne, tatu. Kisha akasoma kwa sauti, kama wanavyofundishwa, ili mwandishi aandike: 27.

Kwa wasiojua hesabu hizo, mtu mzima wa afya asubuhi kabla hajala hukaa kwenye nne mpaka tano na ushee. Mke wangu anazijua. Hakusema kitu. Aliinama, akanivua soksi ya kulia, akakitazama kisigino, akaivua ya kushoto, akaikunja pamoja na mwenzake kama anavyokunja nguo zangu siku zote, akaziweka kwenye mfuko wa plastiki. Nimepitia mengi baada ya pale, pamoja na siku tisa za chumba cha wagonjwa mahututi, lakini nikiulizwa ni wakati gani niliona kifo, nitataja soksi zile.

Walinitoa damu wakaijaza kwenye chupa ndogo zenye supu ya kahawia. Ndiyo kuotesha damu kwenyewe. Chupa zinaingizwa kwenye mashine yenye joto la mwili, inazitikisa taratibu, na kama kuna kijidudu kinakula ile supu na kupumua, mashine inaita. Lakini hawakusubiri iite. Darwin, msimu wa mvua, mtu akiingia na homa, nimonia na presha iliyoanguka, dawa ya mdudu huyu inatundikwa kwenye dripu saa ileile, majibu yatafuata. Hilo ndilo lililoniokoa, zaidi ya ujasiri wowote wangu.

Siku ya pili chupa ziliita.

Nilipopata akili ya kuelewa, daktari alikuja akavuta kiti, akajitambulisha kwa jina lake la kwanza kama tumecheza wote utotoni. Pale hakuna "Daktari Fulani". Akanionyesha picha kwenye simu: kisahani cha maabara, na juu yake vidoa vilivyojikunjakunja kama ua lililokauka, rangi ya zambarau. Si zambarau ya kitambaa, bali ya tunda lenyewe, ile inayobaki kwenye ulimi. "Huyu ndiye aliyekuwa kwenye damu yako," akasema. Ugonjwa unaitwa melioidosi. Mdudu wake anaishi kwenye udongo na maji ya nchi za joto. Kiangazi hukaa chini, mvua zikija maji ya ardhini yanapanda naye hupanda. Anaingia kwa mkwaruzo, kwa maji ya kunywa yasiyotibiwa, au kwa pumzi pale dhoruba inapotifua maji na vumbi. Kwa mtu mwenye mwili mzima mara nyingi hafanyi lolote. Anamsubiri mwenye sukari, mwenye figo mbovu, mlevi, mwenye mapafu yaliyochoka.

Akauliza kazi yangu. Nikamwambia bustani. Akauliza wapi. Nikamwambia Nightcliff. Akacheka kidogo, kisha akaomba radhi kwa kucheka: kumbe wenyeji wa zamani wa Darwin waliwahi kuuita ugonjwa huu kwa utani maradhi ya mtunza bustani wa Nightcliff. Nilikuwa nimeugua ugonjwa wenye cheo changu na anwani ya kazini.

Binti yangu Salma, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, alifanya kile watoto wa siku hizi wanachofanya kwa hofu: alisoma. Alikuja kila jioni na jipya. Kwamba madaktari wawili, Alfred Whitmore na C. S. Krishnaswami, waliukuta Rangoon, Burma, mwaka 1911, kwenye maiti za mafukara, wengi wao watu wa kujidunga mofini. Kwamba jina lake lilitungwa kwa Kigiriki kutokana na ugonjwa wa punda. "Wa punda, baba," akarudia, na kwa mara ya kwanza tangu nilazwe tukacheka wote wawili mpaka kikohozi kikanishika. Kwamba mwanajeshi mmoja wa Marekani aliyekuwa mateka kule Asia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliugua miaka 62 baadaye, mdudu alikuwa amejilaza ndani yake muda wote huo. Hiyo ya mwisho nilimwambia angeiacha.

Alileta pia hesabu za palepale Darwin, ambako watafiti wameandika kila mgonjwa tangu Oktoba 1989. Katika miaka 30 ya mwanzo walikuwa wagonjwa 1,148, waliokufa 133. Karibu nusu ya wagonjwa wote walikuwa na sukari. Zaidi ya nusu mdudu alikutwa kwenye damu, kama mimi. Na hapa Salma alisoma polepole: katika miaka mitano ya kwanza walikufa 31 katika kila 100, katika miaka mitano ya mwisho sita. Tofauti hiyo imetokana na kumtambua mdudu mapema, kuanza dawa inayomfaa, na kuwa na chumba cha mahututi chenye watu wanaokesha. Ukiniuliza mimi, hizo 31 na sita zina mafunzo kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusikia kuhusu afya.

Kitanda cha jirani alilala mzee mmoja, mwenyeji wa asili wa nchi ile, ugonjwa wetu mmoja, naye ana sukari na figo za kuoshwa kwa mashine. Alikuwa hana vidole viwili vya mguu wa kushoto. Kiingereza chake na changu vilikuwa vinakutana nusu njia. Siku moja alinyanyua shuka akanionyesha mguu wake, akaonyesha wangu, akatikisa kidole kama mwalimu wa madrasa. Hakusema neno. Nikaufunika mguu wangu haraka, kama mtoto.

Mama alipiga simu kutoka Muheza. Nilimweleza kwamba nimeugua kwa udongo.

"Udongo gani unaua mtu, mwanangu? Mimba yako mimi nimekula pemba mpaka nikaona haya kwenda dukani. Mbona ulizaliwa na kilo zako?"

Nikamwambia mama, si udongo wote, na si wa kula.

"Basi umetupiwa kitu. Kama baba yako."

Miaka yote ningelinyamazia neno hilo. Safari hii, labda kwa sababu ya udhaifu, nikamjibu: "Mama, baba alikuwa na sukari. Na mimi ninayo. Ninayo mwaka wa nne." Upande wa pili pakawa kimya, nikasikia jogoo akiwika kwao, kwetu jioni inaingia. Kisha akasema, "Mkeo anajua?" Nikasema anajua sasa. Akasema, "Alhamdulillahi," na kwa namna alivyolitamka sikujua kama ananishukuria au ananisuta.

Uchunguzi ulikuwa haujaisha. Melioidosi haikai sehemu moja. Ikishapita kwenye damu inatupa mbegu kwenye ini, wengu, mifupa, viungo. Walinipitisha kwenye mashine ya picha, wakakuta jipu kwenye tezi dume. Daktari alisema Darwin wanaliona hilo kwa wanaume wengi wenye ugonjwa huu, ndiyo maana hawamruhusu mwanamume kuondoka bila kupigwa picha ya tumbo na nyonga. Likatobolewa likanyonywa usaha. Mimi niliyeficha sukari kwa kuogopa maneno ya barazani, nikajikuta nimelala ubavu, nimekunja magoti, mbele ya watu wanne waliovaa kijani, mmoja wao msichana wa rika la Salma. Aibu iliyobaki niliiacha mezani pale. Sikuwa na pa kuibeba.

Kwa sababu ya lile jipu, dawa ya mshipa ilikuwa ya wiki nne kamili. Wiki mbili za mwisho nilizimalizia nyumbani. Waliniwekea mrija mwembamba unaoingilia mkononi na kwenda hadi karibu na moyo, na kila siku muuguzi alikuja kubadilisha chupa. Ni chupa ya plastiki ngumu, ndani yake puto limejazwa dawa, na puto linavyonywea ndivyo dawa inavyoingia, kidogo kidogo, saa 24, bila umeme, bila kelele. Nilikuwa naivaa kiunoni kwenye kifuko kama cha kondakta wa daladala. Asubuhi puto limevimba kama embe dodo, kesho yake limesinyaa kama kokwa. Nililitazama puto lile kuliko nilivyowahi kutazama saa.

Ilikuwa katika wiki hizo ambapo mke wangu alizungumza. Alikuwa amenihudumia vizuri mno, kwa adabu mno, kama mgonjwa wa mtu mwingine. Usiku mmoja alikaa ukingoni mwa kitanda, boksi la vifaa mapajani. Alikuwa ameyaona maboksi matupu ya vidonge chini ya spana.

"Baba Salma," akasema. "Watu nisiowajua hata majina wananiambia sukari zao. Wananiambia na mambo mengine ambayo hata wake zao hawayajui. Wewe tumelala kitanda kimoja miaka 21."

Nilikuwa na majibu. Ya baba, ya mtaa, ya barazani. Niliyaona yote jinsi yalivyo madogo, nikasema tu nisamehe. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Lete kidole." Akachoma. 11. Akaandika kwenye daftari la shule, mstari wa kwanza, tarehe na saa. Daftari hilo tunaendelea nalo.

Baada ya sindano kuna awamu ya pili, ya kung'oa mizizi: angalau miezi mitatu ya vidonge, kwa sababu ukiacha katikati mdudu anarudi. Mfamasia alipoweka boksi mezani nikasoma jina la dawa nikashtuka. Ilikuwa dawa ileile ambayo sisi sote tunaijua kwa jina la Septrin. Afrika Mashariki nzima hakuna asiyeijua, na hakuna asiyejua watu wanavyonong'ona UKIMWI wakikuona unaimeza kila siku. Mkebe wa Septrin umeshavunja posa nyingi kwetu. Na sasa mimi nilitakiwa kumeza viwili vikubwa asubuhi, viwili jioni, mbele ya wageni, mbele ya Watanzania wenzangu na Wakongo wanaokuja kunijulia hali, pamoja na kidonge cha foliki cha kulinda damu.

Mimi wa zamani ningezificha chini ya spana. Nikaziweka katikati ya meza ya kulia, kando ya chumvi. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Bukavu, aliitazama ile mikebe, akanitazama, akatazama sahani yake. Nikamwambia, "Uliza." Akauliza. Nikamweleza, na nikamweleza na sukari. Alikaa kimya, akasukuma soda yake mbali kidogo, akasema hata yeye huamka kukojoa mara nne kwa usiku. Kesho yake mke wangu alimpima sebuleni kwetu. Sitasema ilikuwa ngapi, ni siri yake. Nitasema tu kwamba aliondoka na barua ya kwenda kwa daktari.

Septrin hiyo haikuwa tamu. Kichefuchefu kilinikaa wiki ya kwanza yote, na kila wiki walinipima figo na damu. Lakini nilimaliza. Nilitoboa tarehe kwenye kalenda kama mwanafunzi wa bweni.

Nimekaa nikawaza sana habari za nyumbani. Mwaka 2016 wataalamu walikadiria kwamba duniani watu 165,000 huugua melioidosi kila mwaka na 89,000 hufa, na kwamba kuna nchi nyingi, za Afrika zikiwamo, ambako mdudu huenda yupo ila hajawahi kuandikwa. Madagaska amekwisha kuonekana, na kutoka Madagaska mpaka kwetu ni bahari tu. Wachunguzi wa vinasaba walioufuatilia ukoo wake wanasema Australia ndiko alikoanzia, akaenda Asia, akafika Afrika, na kutoka Afrika akavuka kwenda Amerika katika karne zilezile ambazo watu wetu walikuwa wanavushwa kwa minyororo. Sisemi kwamba yuko Muheza. Ninachojiuliza ni hiki: mkulima mwenye sukari anayeingia hospitali yoyote ya wilaya wakati wa masika, homa kali, kikohozi, anapungua mwili, ataambiwa ana nini? Taifodi. Akizidiwa, TB, maana melioidosi ya mapafu inafanana nayo mno. Atapewa rangi mbili na jentamaisini, atakufa siku ya nne, na msibani tutatafuta nani alikuwa na kinyongo naye. Bila kuotesha damu, yule mwenye rangi ya zambarau hataonekana kamwe, na dawa ya kumtoa mtu hatarini, kama seftazidimu, haitafikiriwa.

Ndiyo maana ninaandika haya na jina la ugonjwa wangu nimelitaja. Homa isiyosikia dawa, kwa mtu mwenye sukari aliyeshinda kwenye matope, mwambieni daktari vyote viwili: sukari na matope. Ulizeni kama damu inaweza kuoteshwa.

Kazi ya bustani nimerudi. Msimu wa mvua navaa gambuti, glavu juu, na nikitumia mashine ya kuoshea kwa presha navaa barakoa. Radi zikianza naingia ndani, hata mteja akinuna. Miguu naikagua kila usiku kwa kioo cha mkono, magaga yamepungua. Gambuti hizi nimezinunua kwa fedha yangu, kwa sababu zile za kwanza zilishakwenda kwa Hamisi na kontena. Nilimpigia kumuuliza kama anazivaa shambani.

"Kaka, zile?" akasema. "Zile nzuri mno kwa shamba. Navaa nikienda mjini."

Nimemwambia nampelekea jozi nyingine, mbaya kwa makusudi, na mashine ya kupimia sukari, aanze na mama. Ameahidi. Nitamuuliza tena Ijumaa.

Leo asubuhi yangu ilikuwa 6.4. Ameisoma Mama Salma, kwa sauti, akaandika.